Salamu za Krismasi za Binti Asiyesali

Baba yangu, Mzee Owuor wa laini ya chini,

Nakuandikia nikiwa ofisini, kwenye ile meza ya karani iliyo karibu na dirisha, ambapo mtu akiinua kichwa anaona majani chai mpaka macho yachoke. Ungekuwa hapa ungeniambia kwanza, "Keti vizuri, mgongo utakuuma." Nimeketi vizuri. Sasa nisikilize.

Kuna jambo nilikuficha. Miaka sita iliyopita niliacha kuamini. Sikugombana na mtu, hakuna pasta aliyenikosea. Iliniisha tu pole pole, mpaka siku moja nikapiga magoti nikaona ninaongea peke yangu. Katika hiyo miaka sita, mitatu ulikuwa bado hai, na kila Jumapili nilikaa kando yako kanisani nikikusomea nyimbo mstari kwa mstari kwa sababu macho yako yalikuwa yamegoma. Uliimba kwa ile sauti yako ya kutingisha mabati, na mimi nikaimba nawe. Niliogopa nikikuambia utanyamaza. Kelele zako ningeziweza, Baba, lakini kunyamaza kwako kungenishinda.

Mwezi huu jambo lenyewe limetoka hadharani, mbele ya watu wa zamu mbili, na kilicholitoa, tafadhali usicheke, ni salamu za Krismasi.

Unamkumbuka Kirui wa boila? Najua unamkumbuka. Laini nzima ya nyumba za wafanyakazi, yeye peke yake ndiye hakuwa na kanisa wala dini, na hakujificha. Alikuwa akisema hajawahi kumwona Mungu akishika spana. Lakini kiwanda hakilali Krismasi. Majani yaliyochumwa jana hayangoji mtu atoke kanisani, yakikaa yanaoza. Basi mkaelewana nyinyi wawili: Krismasi anabaki yeye na boila yake ili wenye kusali mwende mkasali, na siku za soko la Siongiroi, akitaka kwenda kutafuta mbuzi, unamshikia zamu wewe. Wewe mtu wa chumba cha kukaushia majani, ulijifunza kulisha boila kuni kwa sababu hiyo tu. Ulikuwa ukirudi nyumbani nyusi zimebabuka, Mama anakuangalia anatikisa kichwa.

Mwaka nilioukumbuka wiki hii nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mchana wa siku ya kuamkia Krismasi, mvua imetoka kunyesha, na kwaya ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba kama desturi, wewe mbele na ngoma. Tukafika mlango wa Kirui. Waimbaji wakakonyezana. "Hapa tuimbe mpaka aokoke," mmoja akasema, na wengine walikuwa wameshasogea dirishani wakipiga makofi. Ukainua mkono.

"Hapa hatuimbi," ukasema. "Huyu hajatuita."

Ukabisha hodi peke yako. Kirui akatoka na vesti, uso ameukunja, tayari kwa vita. Nawe ukamwambia, "Chamgei, Kirui." Hiyo salamu ya Kikipsigis ulikuwa ukiivuta kwa Kijaluo chako mpaka inarefuka, mtu angeweza kuoga kabla uimalize. Kirui akatazama kundi zima, akakutazama wewe, uso ukamfunguka. "Chamgei mising, Mzee." Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando. Aki mtu wa ziwa na maziwa yenye mkaa! Ulikunywa umefumba macho, ukafuta mdomo, ukasema, "Tamu sana." Kwaya yote ilijua unadanganya.

Njiani nikakuuliza mbona hukumwambia Krismasi njema, na wewe ni mzee wa kanisa. Ukaniambia, "Nyara, binti yangu, mtu ukimsalimia na kitu hataki, hapo umejisalimia mwenyewe." Nilikuwa mdogo, sikuelewa, nikarudi kwa biskuti zangu.

Jumapili iliyofuata wazee wakakusimamisha. Walitaka kujua mzee wa kanisa anapitaje mlango wa mpagani bila kumhubiria, tena anakunywa maziwa yake. Ulisimama na ile suti yako ya kahawia iliyokuwa fupi mikononi. Hukukasirika. Ulisema, "Huyo mpagani ndiye alishika moto ndiyo nyinyi wote mkakaa hapa mkaimba." Kisha ukaketi. Mimi nilijivuna mpaka nikasimama bila kuambiwa, na Mama akanivuta gauni nikakaa.

Sasa njoo kwa mwezi huu. Ililetwa barua kutoka ofisi kuu, Nairobi, kwamba salamu zote za mwisho wa mwaka ziwe za kumfaa kila mtu, na neno Krismasi lisionekane kwenye tangazo wala kwenye zile pakiti za sukari na unga tunazogawiwa. Sheila, afisa wetu mpya wa wafanyakazi, akanipa kazi ya kuandika. Sheila si mtu mbaya, Baba. Ana roho safi. "Hatutaki mtu ajione ameachwa nje," aliniambia, na mimi niliyekuwa nje miaka sita bila yeyote kujua nikachukua kalamu. Nikaandika nilivyoambiwa: HERI ZA MSIMU KWA WAFANYAKAZI WOTE. Nikabandika ubaoni na jina langu chini.

Haikumaliza saa moja. Mama Chepkoech, yule msimamizi wa akina mama wa kuchambua majani, ambaye siku hizi ndiye anaongoza kwaya, akasimama mbele ya ubao akasoma kwa sauti. "Msimu? Msimu gani? Wa mahindi ama wa mvua ya mawe?" Watu wakaangua kicheko, hata mimi kidogo. Halafu akafika kwa jina.

"Ni wewe? Binti ya Owuor?" akaniuliza. "Babako ameimba hapa mpaka akazeeka, na wewe ndiye wa kumwachisha Yesu kazi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nilirudi mezani. Lililoniuma halikuwa lile neno la kunivunjia heshima mbele ya watu. Ni kwamba alikuwa amekaribia ukweli bila kujua. Nikifungua mdomo kujitetea, nitalazimika kudanganya, na nitadanganya kwa kutumia jina lako.

Basi nikafanya kosa ambalo karani pekee ndiye anaweza kulifanya. Nikadhani karatasi ikiwa ndefu itamtosha kila mtu. Nikaandika Krismasi Njema kwa wanaoiadhimisha, mapumziko mema kwa wasioiadhimisha, heri kwa wanaosali Jumamosi, heri kwa wanaosali Ijumaa, na kila la kheri kwa wasiosali siku yoyote. Hassan wa lori la majani akaja dirishani kwangu: "Madam, mimi ni wa mstari wa ngapi?" Watu wa Jumamosi wakauliza mbona wao ni wa tatu. Kijana mmoja akasema inakaa kama tangazo la kifo, imekosa picha tu. Na Mama Chepkoech akatoa neno la mwisho, kwamba kwaya haitachukua pakiti za msimu, na wanaotaka kumuuza Yesu kwa unga waendelee. Sheila alikuwa karibu kulia. Alisema tutaitwa Nairobi wote wawili.

Ndipo nikakukumbuka pale mlangoni kwa Kirui. Nikaenda ubaoni nikang'oa karatasi yangu mwenyewe.

"Unaandika ingine?" Sheila akauliza.

"Siandiki tena. Mimi nimezaliwa hapa, hawa watu nawajua. Nipe hizo pakiti, niache nisimame getini."

"Na ukikosea mtu?"

"Nitamwomba msamaha."

Saa nane, zamu zikibadilishana, nilikuwa getini. Baba, ungeniona! Mtu anakuja, namwangalia machoni, namtaja jina, nampa salamu yake na pakiti yake. Wengi ni Krismasi njema, na nikaisema bila kuimeza. Mama Moraa wa Jumamosi nikamwambia apumzike vizuri, asalimie wajukuu. Hassan nikamwambia safari njema, asikimbize lori pale mteremko wa Kedowa. Kijana wa umeme ambaye hasali popote, na watu wanamsema, nikamwambia, "Umemaliza mwaka, ndugu yangu," akashika mkono wangu akasahau kuuachilia. Mmoja nilimkosea. Nilimtakia Krismasi kumbe kanisa lake jipya haliishiki. Nikaomba msamaha, akacheka, ikaisha hivyo.

Kisha foleni ikamleta Mama Chepkoech, kwaya yake nyuma, mikono kifuani.

"Krismasi njema, mama," nikamwambia.

Hakuchukua pakiti. "Hiyo Krismasi unanipa tu kwa sababu mimi naitaka," akasema, "ama na wewe unaiamini?"

Mvua ilikuwa inaanza, na hakuna aliyeondoka. Nilikuwa na jibu la uongo tayari, Baba, ningelitoa bila shida, nimelifanyia mazoezi miaka sita. Lakini nilikuwa nimesimama pale kwa jina lako.

"Mama, mimi siamini," nikasema. "Niliacha miaka sita iliyopita. Lakini Krismasi yako nakutakia kwa moyo wangu wote, na hapo sikudanganyi."

Mtu nyuma akasema, "Woi." Mama Chepkoech alinitazama mpaka nikasikia masikio yakiwaka.

"Babako alijua?"

"Hapana."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliogopa."

Akashusha mikono. Akachukua pakiti, akaiweka kwapani, akanirekebisha skafu shingoni vile Mama alikuwa akifanya. "Mimi nitakuombea," akasema. "Hiyo huwezi kunikataza."

"Siwezi, mama. Niombee."

"Na wewe umwambie babako. Umri huu wote na bado unamficha mzazi?" Akageukia kwaya. "Nyinyi mnangoja nini? Salimianeni na mtoto wa Owuor, mvua inakuja." Wakapita wote, mmoja mmoja, na kila mmoja akanipa mkono.

Nairobi bado hawajaita. Wakiita nitaenda. Sheila amesema tutaenda pamoja, na mwaka ujao anataka kusimama getini na mimi, mradi nimfundishe majina.

Kwa hiyo nimekuambia, Baba. Sina dini, na najivunia kuwa mtoto wako, na mambo hayo mawili yanakaa ndani yangu bila kugombana. Kama kuna mahali unayasikia haya, basi nimekosea mimi, na nakujua, unacheka mpaka unashika mbavu. Na kama hakuna mahali, basi zile kuni zote ulizomlishia Kirui, ule mlango ulioukingia watu wasiuimbie, hakuna aliyekuandikia thawabu popote. Ulifanya tu kwa sababu alikuwa jirani. Nikifikiria hivyo najivunia zaidi, mpaka kifua kinauma.

Krismasi njema, Baba. Nakutakia kwa sababu ni yako.

Mimi binti yako, kitinda mimba.