Jasho la Namba Tisa

Sagalla, 3 Machi 1974

Kijana wangu Muli,

Salamu nyingi huko Taveta. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kilimani. Mkeo Mumbe na watoto je?

Naandika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Hakuna mtu Taita nzima ako na jezi za basketboli kama mimi. Kumi na moja. Zote zimechezewa mechi, hakuna iliyofuliwa. Jezi ikifuliwa ni kitambaa tu. Ile ya Danson wa timu yenu bado iko na damu ya pua, siku mliwafunga watu wa Mombasa. Watu wananicheka, mimi nawacheka zaidi.

Imebaki ya mwanangu Reuben, namba tisa. Wewe, rafiki yake wa timu, ndiye ulipewa tukimaliza matanga. Kweli nilisema nguo zake zote zigawiwe, sitaki kuona hata kifungo. Nilikuwa na hasira. Kijana anaacha kazi ya reli akatupe mpira kikapuni kama mtu anavuna mahindi!

Nipe kondakta wa basi aniletee. Usiifue.

Baba yako,
Mwandawiro

Taveta, 20 Machi 1974

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila mdogo anakohoa. Goti ulikande na maji moto.

Jezi ninayo, na sijaifua. Lakini nguo niliyokabidhiwa mbele ya ukoo sitaipa kondakta. Njoo uichukue kwa mkono wako. Tena Reuben aliniachia neno la kukuambia, kabla homa haijamfunga mdomo. Alisema usiliandikiwe, ulifuate mwenyewe, maana hukuwahi kufika hata mechi moja. Kila mechi alikuwa akiangalia mlangoni kwanza.

Tutakuchinjia kuku.

Mwanao,
Muli

Sagalla, 2 Aprili 1974

Muli,

Natumaini mtoto amepoa.

Mkubwa hamfuati mdogo. Nilikwambia niletee, wewe unaniita kama karani. Neno la mtoto kwa babake linaletwa nyumbani kwa babake. Mlango wangu unaujua.

Mwandawiro

Sagalla, 11 Novemba 1976

Kijana wangu Muli,

Hujambo? Miaka inakwenda. Jezi sasa ni kumi na tisa, nimezitundika ukuta mzima, hata mwalimu alikuja kushangaa.

Hukunijibu. Basi, sikukasirika sana. Mvua ikikatika pengine nitapita huko, nikiwa na shughuli nyingine.

Baba yako,
Mwandawiro

Taveta, 6 Februari 1977

Baba, shikamoo. Ni mimi Mumbe.

Barua yako ilimkuta Muli kitandani. Akataka nimsomee mara mbili, akacheka, akasema, "Mzee atakuja." Tukakungoja Krismasi. Alituacha tarehe tisa Januari. Matanga yameisha, na namba tisa nimekutengea, utaiona kwenye kifurushi hiki.

Nimeifua na sabuni ya mche, nikaipiga pasi. Nguo ya marehemu haitolewi chafu.

Lile neno hakuniambia. Nilimwuliza, akasema si langu.

Mkazamwanao,
Mumbe

Sagalla, 27 Februari 1977

Mwanangu Mumbe,

Pole sana. Watoto wanalala vizuri?

Kifurushi kilifika. Nimenusa kwapani, nimenusa shingoni. Sabuni. Hukukosea, mama, ulifanya vile inafaa. Sikuitundika na zile zingine. Nimeivaa ndani ya shati, kifua changu sasa ni kidogo, inaning'inia.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Usichinje kitu. Nionyeshe tu pale Muli alipolala, nikae hapo kidogo.

Baba yenu,
Mwandawiro