Mtu wa Mwisho Kwenye Foleni: Kumkumbuka Raymundi Shilinde, Mchora Katuni

Mwaka umetimia, Baba Pelagia, tangu uirudishe kalamu yako ya wino kwenye kikombe chake na usiinyanyue tena. Kikombe kipo pale pale dirishani, hapa Itetemia. Kalamu naifuta vumbi kila Jumapili nikitoka misa, ingawa mimi sijui kuchora hata yai.

Ulikuwa mpole, mume wangu. Kuku akipanda mezani kwako ulimngoja ashuke mwenyewe. Wajukuu walichovya vidole kwenye wino wako, nawe badala ya kuwafokea uliwachora sharubu.

Watu wanakukumbuka kwa Mzee Mzigo, yule mpagazi wako wa njia ya zamani ya misafara, aliyepita gazetini kila mwezi na mzigo kichwani, katoka Ujiji anakwenda pwani, hafiki, kazi kushangaa malori na redio. Wanakumbuka pua yake. Mimi nakumbuka shingo. Hakuna aliyeisifu ile shingo! Ulimbebesha jirani gunia la mahindi, akazunguka uani huku unachora, mpaka akalalama, "Mzee, hili gunia linakwenda wapi?" Ukamwambia, "Linakwenda gazetini, tembea." Ndiyo maana mizigo yako ilikuwa mizito na mvua yako ililowesha. Na wale watu wadogo uliowachora nyuma, kama siafu, kila mmoja alikuwa na uso wake na shida yake.

Hao wa nyuma ndio ninaowataka leo.

Siku ya mazishi yako alisimama bwana mmoja, aliyekuwa mkubwa wa kata yetu ya zamani kule karibu na Usinge. Akasema kwa sauti ile ya mikutanoni: "Marehemu alikuwa mtu wa vichekesho tu. Hakuwa na kinyongo na mtu." Watu wakaitikia. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa jeneza lilikuwa halijashuka.

Leo sinyamazi.

Huyo bwana ndiye aliyekuja kwetu mwaka wa Operesheni, filimbi shingoni, mgambo nyuma yake, kutuhamishia kijiji kipya. Kuhama tulikubali. Tulimwomba tu mvua ipite, kwa ajili ya mama yako, Josepha, ambaye macho yalikuwa hayaoni na kifua kinambana. Ukamwambia, "Bwana mkubwa, nakuomba, mpaka kesho." Akapuliza filimbi. "Mtoeni na kitanda chake! Na nyasi za paa zishuke, asirudi mtu hapa!"

Mama akalala juu ya kitanda katikati ya uwanja, mvua inamnyeshea, anauliza, "Raymundi, mbona nyumba inavuja hivi?" Hatukumwambia kwamba nyumba haipo. Alikufa kabla hatujamaliza kuezeka kule tulikopelekwa.

Hukugombana na mtu. Ulikwenda mjini ukanunua wino.

Sasa ninyi wenye magazeti ya zamani, hata yale mliyofungia chumvi, yanyoosheni. Mkishamaliza kumcheka Mzee Mzigo, tazameni nyuma yake. Pana foleni ya duka la ushirika. Mtu wa mwisho ana filimbi shingoni na miguu mitupu. Wenzake wote wakavu, mvua inamnyeshea yeye peke yake. Kila mwezi watu wanaondoka na sukari yao, yeye yuko pale pale.

Premji, aliyekuuzia wino, ndiye peke yake aliyemwona. "Mzee Raymundi, huyu wa filimbi zamu yake lini?"

"Siku mama yangu atakapomruhusu."

Premji hakucheka. Alikufungia chupa yako taratibu, akakusindikiza hadi mlangoni.

Halafu bwana mwenyewe akaja, meno yote nje. "Mzee, hizi katuni zako zinanimaliza! Nichoree moja kubwa niitundike sebuleni." Ukamchorea. Nilikununia siku nzima.

"Yaani yule unampa zawadi?"

"Sijampa zawadi, Mama Pelagia. Nimemrudisha kwake."

Nilipoitazama vizuri ile picha, kabla hajaja kuichukua, nilicheka mpaka nikashika mlango. Ati vichekesho tu!

Haya, bwana mkubwa. Gazeti hili unalisoma, najua. Kitendawili! Usipoitikia nitatega hivyo hivyo: nina mgeni sebuleni kwangu, amelowa chapachapa, namtazama kila siku nikinywa chai, wala simjui. Ni nani?

Inuka ukaangalie ukutani. Ukishindwa, mchezo unaujua tangu utotoni: anayeshindwa hutoa mji. Basi nipe mji, wowote uupendao. Wa kwetu tu usinipe, huo ulishauchukua.

Unakumbukwa, Baba Pelagia, na mimi mkeo Apolinaria. Na watoto wako Pelagia, Anton na Kasimiri. Na wakwe zako. Na wajukuu wote, hasa Veneranda, ambaye ameanza kuchora shingo.

Kukusahau hatuwezi kamwe. Pumzika na mama yako, pakavu. Foleni tutailinda sisi.