Mke Wangu Ameburutwa na Ski, Ndugu Zake Wakapiga Vigelegele

Innsbruck, Austria, 11 Februari. Ni wiki ya sita sasa tangu nitoke nyumbani.

Bibi Ortensia, mshauri wetu,

Uniwie radhi kwa mwandiko wangu, kwa sababu shule niliiacha mapema nikaingia kwenye kazi ya zege. Huku nachimba handaki la treni, na gazeti letu la bonde hunifikia likiwa limefungia soseji anazonitumia mke wangu, ndivyo ninavyokusoma. Naomba msaada wako, maana nimeona kitu kwenye simu.

Mke wangu ni Fiorenza, mtu wa milimani, kule juu ya mji wa Bormio, Italia, na mimi ni mtu wa tambarare, wa mashamba ya mpunga, kwa hiyo kwao mpaka leo huniita Mpunga na nimezoea. Siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, kijijini kwao kuna mbio za watu wawili wawili, unapanda mlima kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ulizobandika ngozi chini zisiteleze, ukifika juu unabandua ngozi na kushuka kwa kasi, na mwaka huu Fiorenza atakimbia na kaka yake Dolfo. Sasa vile vifungo vinavyoshika buti kwenye ski anataka vipya, vya mashindano, vyepesi kama ganda la yai, na kwa kuwa mji huu una duka kubwa la vifaa vya mlimani, kazi ya kuchagua nimeachiwa mimi. Aliniambia, "Mume wangu, leta vyepesi kuliko vyote, usiulize kitu kingine."

Lazima ujue pia kwamba marehemu baba mkwe aliwahi kuongoza mbio hizo mpaka ski moja ikachomoka mguuni kwenye mteremko, ikakimbia peke yake ikapotelea msituni, akamaliza wa mwisho kwa mguu mmoja. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile anayeingia baa bila kuulizwa, "Vipi, ile ski yenu imeshafika Milano?" Kwa hiyo katika nyumba ile kuiba ni dhambi, kuzini ni dhambi, lakini ski kutoka mguuni ni dhambi kuliko zote.

Jumapili Dolfo alinitumia video ya mazoezi. Naona Fiorenza anashuka vizuri, anakata kona, ncha ya ski inazama kwenye theluji nzito, anaanguka, na ski haikumwachia, Bibi, mwili ulienda huku mguu ukabaki kule, akaburutwa kichwa chini mpaka karibu kabisa na miti, na mimi nimesimama na simu mkononi, nikangoja kusikia mtu anapiga yowe, kumbe nilichosikia ni vigelegele. Vigelegele! "Hazikutoka! Hazikutoka!"

Nikapiga simu ya video hapohapo.

"Umeona, shemeji?" Dolfo akaniambia. "Zimeng'ang'ania kama kupe!"

"Komeo la mbele lilikuwa juu?" Maana kifungo cha mbele kina komeo, unapopanda unalipandisha buti isichomoke, unaposhuka unatakiwa ulishushe ili ukianguka mguu uachiwe. Hata mimi Mpunga hilo nalijua.

"Juu kabisa. Huku kwetu tunashuka likiwa juu. Wewe theluji umeijulia kwenye friji, nyamaza."

Mama mkwe, Mama Desolina, akadakia kutoka jikoni, "Mkwe! Ukituletea vifungo vya kutokatoka utavila wewe na ugali wa polenta!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, sijui ni kwa nini. Fiorenza alipokuja kuchukua simu nikaona anachechemea.

"Goti vipi?"

"Limevimba kidogo tu. Usianze, Ermes."

Kesho yake baada ya kazi nikaenda dukani. Muuzaji, dada mmoja anaitwa Annelies, akaniuliza mke wangu ana mwili gani, nikamwambia ni mdogo, koti langu linamzunguka mara mbili. Akavirudisha mezani vile vyepesi nilivyokuwa nimeshavishika. Akasema, "Hivi springi yake ya nyuma haina skrubu ya kurekebisha. Imekazwa kiwandani kwa mwili wa mwanamume kama wewe. Mkeo akianguka, springi itangoja uzito wako ndipo ifunguke, na uzito wako haupo pale. Kitakachofunguka ni goti." Akanionyesha vingine, vizito kidogo, vyenye skrubu mbele na nyuma, vinapangwa kwa mwili wa mtu. Pea zote mbili ameniwekea kando.

Nikamwambia Fiorenza kwamba kuna vya skrubu. Akanijibu, "Usiponiletea vile vyepesi nitavaa vya Dolfo vya zamani, na hivyo ni vigumu kuachia mguu kuliko hata hivyo vyepesi." Akakata simu. Na ni kweli atavaa, namjua.

Sasa Bibi, nikinunua vyepesi nimemvunja mguu kwa mikono yangu mwenyewe, nikinunua vya skrubu atavitupa uvunguni na kufunga vya kaka yake, na nisiponunua chochote ni yaleyale. Nikifumba macho naona ile miti. Nifanyeje? Nichague vipi?

Nyumbani nategemea kufika Ijumaa ya kwanza ya Machi.

Ermes, wa handakini

MAJIBU

Ermes,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaiokota tena, nikidhani miwani yangu imenidanganya. Watu wazima na akili zao wanamtazama binti yao anaburutwa kichwa chini kuelekea miti, na wanapiga vigelegele kwa sababu kifungo hakikufunguka! Nimezaliwa bonde hili, nimewazika vijana wa bonde hili, na bado nimeshtuka. Pole sana. Hofu yako ni hofu ya mtu mwenye akili timamu, na anayekuita mwoga mwache aite.

Ila na wewe kaa nikuseme. Mimi umeniambia, muuzaji umemwambia, na sasa bonde zima linasoma. Fiorenza umemwambia nini? Umemwambia habari za skrubu! Alipoburutwa, ulicheka na wenzako. Mwanamke yule anachechemea jikoni akijua kwamba hata mume wake ameona ni jambo la kuchekesha. Nani angekusikiliza hapo?

Swali lako la kuchagua halina mjadala. Nunua vya skrubu. Kifungo hakipimwi kwenye mizani kwanza, kinapimwa kwa anayekivaa: uzito wake, urefu wake, umri wake, urefu wa soli ya buti lake, na jinsi anavyoshuka. Baada ya hapo ndipo uanze kuhesabu gramu. Vile vyepesi ni vizuri kwa mwili vilivyotengenezewa, na mwili huo si wa mkeo. Na huo uzito wanaoulilia haufiki chungwa moja kwa kila mguu. Dolfo akitaka ushindi, ajifunge kamba ya mpira kiunoni na kumvuta dada yake kwenye kupanda, kama wanavyofanya wakimbiaji wote wa wawili wawili. Au hilo linamchosha?

Woga wao nao usiudharau. Kumwona baba anamaliza wa mwisho na kutaniwa baa miaka yote si jambo dogo. Lakini mara nyingi ski huchomoka bila sababu kwa kuwa barafu imeganda chini ya kifungo cha mbele, pini hazikuingia sawasawa kwenye matundu ya buti, na mtu ana haraka. Dawa yake si komeo. Dawa ni kukwangua barafu kwa kijiti kule juu, kuingiza buti, na kupeleka mguu mbele na nyuma mara kadhaa kabla ya kushuka. Na ili ski ikitoka isikimbie, afunge ule uzi mwembamba wa kuishikilia kwenye buti, wa aina inayokatika ikivutwa kwa nguvu sana. Kuna njia za ukingoni mwa genge ambako waliobobea hupandisha komeo kwa sababu kupoteza ski pale ni kupoteza roho. Mteremko wa kijijini kwenu si mahali hapo. Akishuka, komeo chini.

Goti lililovimba lionwe na daktari wiki hii, si wiki ya mbio. Daktari akisema hapana, mbio zimekwisha kwa mwaka huu, na Mtakatifu Yosefu hatakasirika.

Sasa nisikilize. Mpigie leo, mama mkwe na shemeji wakiwa hawapo karibu, usitaje springi wala skrubu. Mwambie: "Nilikuona unaburutwa, nikaogopa kwamba nitakuzika." Halafu nyamaza, mwache aseme yeye. Akimaliza, mwambie apande basi aje Innsbruck na buti na ski zake, kwa sababu vifungo havichaguliwi kwa simu, wala mume havivai kwa niaba ya mke. Kambi yenu ya wafanyakazi kama haina nafasi ya wake, tafuta chumba cha wageni. Annelies avifunge, avipange kwa mwili wa mkeo, kisha Fiorenza asimame na buti juu ya benchi la fundi, azungushe mguu kwa nguvu, na ausikie mwenyewe unavyoachiwa. Akishausikia, hakuna wa kumwambia tena kwamba kifungo kizuri ni kile kisichoachia.

Akikataa kuja, mwambie wazi, bila hasira, kwamba akivaa vifungo vya Dolfo wewe hutasimama kwenye mstari wa kumalizia kumshangilia, utasimama kwenye ile miti kumngoja.

Lakini atakuja. Aje Jumatano, Alhamisi muende dukani, na Ijumaa ya kwanza ya Machi mrudi nyumbani wote wawili.

Ortensia