Shamba Alilonunuliwa Zuhura

Jumatatu, 9 Juni
Chai, mihogo, kompyuta. Nahariri video ya mwanamuziki Kide. Kiuno. Mguu. Kiuno tena. Sura ya msichana sijaiona bado. Jioni naandika tasnifu kuhusu wanawake kwenye video za bongofleva. Mchana napika, jioni nalalamikia harufu.

Jumanne, 10 Juni
Sura imejitokeza mara moja, kwa bahati mbaya. Dada Zuhura! Binti wa mama mkubwa, wa Matombo. Na shamba la migomba linaloonekana kwenye video ni lake, kaachiwa na mama yake, naye aliachiwa na bibi. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akioa ndiye huenda kulima kwa mkewe. Kwenye video Kide anashuka garini: mpenzi, nimekununulia shamba. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikakasirika.

Jumatano, 11 Juni
Nimempigia Zuhura. Alikubali kuigiza kwa sharti moja: aonekane ndiye mwenye shamba. Wakamwitikia, wakampa gauni. Sasa analia. Shamba la ukoo haliuzwi. Video ikitoka hivi, wajomba watamuuliza aliliuza lini. Bosi anataka kazi Ijumaa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepekua picha zote. Wakati wa mapumziko kamera haikuzimwa! Zuhura anamfundisha Kide kushika jembe. Anamwonyesha mpaka wa shamba. Anamcheka. Halafu anacheza kwa raha zake, tope magotini. Vitabu vyangu vinamtafuta mwanamke huyu kurasa na kurasa. Nimekata upya. Viuno nimeacha viwili. Kiuno si dhambi, ila kina mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni
Bosi kafoka. Nani atatazama mwanamke analima? Nikamwambia sirekebishi. Kaninyang'anya kazi, atampa mwingine. Naogopa kufukuzwa, sifichi. Lakini nimemtumia Kide nakala zote mbili, ya kwanza na yangu. Wimbo ni wake. Ruhusa sikuomba.

Jumapili, 15 Juni
Kide kapiga simu. Kazitazama na mama yake, kwao Mkuyuni. Mama kamuuliza, "We mtoto, shamba la ukoo wa watu umelinunua kwa nani?" Kide kachagua yangu. Bosi kakubali shingo upande, ila jina langu kaliondoa. Nimesema sawa.

Jumanne, 17 Juni
Matombo. Manyunyu. Nimemwonyesha Zuhura video kwenye simu, jikoni kwake. Alipofika pale anapocheka, akaisimamisha. Akajitazama muda mrefu. Akaiacha iendelee hadi majina ya mwisho, akayasoma yote kwa kidole, polepole.
"Mdogo wangu, mbona wewe hupo?"
Nikamweleza. Akanitazama kama nimemwambia nimeuza shamba.
Ndizi zimeiva jikoni. Tumekula. Kesho nashuka mjini na gari la kwanza, naenda kwa bosi kudai jina langu.