Sufi Hewani

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo, ila mjukuu wako kifua kinambana. Daktari anasema pumu yake inachokozwa na vumbi la ndani. Zulia nimeliondoa, mashuka nayafua kwa maji ya moto kila wiki, sakafu tunaipangusa kwa kitambaa kibichi. Limebaki moja, na ulimi ni mzito kulisema: ule mto wa sufi uliomshonea nimeutoa chumbani. Na safari yako ya kuja kukaa nasi, tuiahirishe kwanza. Nguo zako hutoka na sufi karakanani unakojaza mito. Naumia kukuandikia hivi.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Miaka thelathini najaza mito, watu wanailalia na kuota ndoto zao. Wewe mwenyewe ulikulia humu karakanani, ukikimbiza nyuzi za sufi hewani na kucheka peke yako. Leo mimi ndiye vumbi? Haya. Siji.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii barua ya tatu tangu ile yako ya Machi, nawe kimya. Mtoto sasa analala vizuri, kifua hakipigi tena mluzi. Anakuulizia kila siku. Nimekuudhi, lakini sijakufukuza.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe, nilinuna kama mtoto. Mchana mmoja nilikaa karakanani bila kazi. Jua limeingia dirishani, sufi inaelea, inapanda, inashuka taratibu, mpaka nikahisi chumba kizima kimesinzia nami ndani yake. Katika ule utulivu nikasikia mluzi. Nikageuka kutafuta nani. Kumbe ni kifua changu! Miaka yote nasingizia baridi. Zahanati wamesema na mimi nina pumu.

Karakana nimemwachia mwenzangu. Wiki ya tatu sijagusa sufi, na nalala fofofo. Nguo nimefua mara nne, nywele nimenyoa zote, naonekana kama yai. Lakini naogopa. Nikimkumbatia akabanwa, sitajisamehe. Niambie nije au nisije. Safari hii sitanuna.

Mama yako

25 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mama amesema nikujibu mimi, kwa sababu kifua ni changu.

Njoo. Dawa yangu ya kuvuta ninayo mfukoni. Utanikumbatia polepole kwanza, tusikilize, halafu unibane kabisa.

Mjukuu wako