Chifu Kahamia kwa Thadei

Jumapili, 23 Februari 2025

Misa ya pili, mahubiri marefu. Natoka, nakuta watu wamejaa getini kwa jirani yangu Thadei – nikadhani msiba! Kumbe mbwa anaogeshwa. Mbwa! Daktari kaja na gari lake, koti jeupe, anamsugua yule jike wa Thadei, Malkia, manyoya kama pamba ya godoro. Halafu anamdondoshea dawa ya kupe mgongoni, tone, tone. Watu wanatazama kama fainali. Na mke wangu Notburga yumo! Anasema, tena nikisikia: yaani mbwa ana daktari wake!

Ndiyo. Na mimi nina mbwa ambaye hajawahi kumhitaji. Nikawaambia hapo hapo. Chifu wangu, kule shambani Mpitimbi, kapambana na chui. Chui jike, mzima, mwenye watoto. Kamtoa mbio mpaka akavuka mto! Nani aliita daktari? Hakuna. Lile sikio lake lililochanika ndilo cheti chake. Mbwa wa Mngoni haogi. Kupe akimgusa kwa bahati mbaya anaomba radhi!

Wakacheka. Thadei naye kacheka, ule mcheko wake wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wa mdomo uliofungwa. Eti, "Mjomba" – mtaa mzima unaniita hivyo – "mlete na Chifu atazamwe mara moja. Mimi nitaongea na daktari." Ataongea naye! Kama mimi nilizaliwa bila mdomo.

Halafu nikasikia daktari ni Mhehe. Kihwele. Hapo nikapata pa kushika! Wahehe ni watani zetu tangu babu zetu walipopigana (tuliwapiga sisi), na Tanzania nzima inajua Wahehe wanataniwa nini kuhusu mbwa. Nikapaza sauti ya mnadani: "Mhehe kutibu mbwa? Fisi kapewa bucha alinde! Dokta, siku nikikuletea Chifu nitakuja na ugali kabisa, usihangaike kusonga!"

Barabara nzima chini! Hata yeye sabuni ikamponyoka. Kaninyooshea kidole chenye povu: "Mtani, hawa wote mashahidi. Uwe wa dona."

Malkia kasahaulika hapo hapo. Leo nimeshinda mimi.

Jumanne, 25 Februari

Chifu hakulala nyumbani.

Dorine, mtoto wa dada yangu, anauza dukani kwa Thadei. Kapita jioni, kasema Mjomba usihangaike, yuko kwetu. Kwetu! Yaani kwa Thadei. Eti anapewa wali na mifupa ya supu, analala kibarazani kwenye saruji, na mzee Thadei anamwita "mheshimiwa". Anakwenda kila siku tangu Krismasi.

Tangu Krismasi!

Na mimi namwona anarudi kashiba nikajua anawinda. Nimewaambia watu anawinda.

Huyu mbwa nilimbeba kutoka Mpitimbi ndani ya koti langu hajafungua macho. Mvua ya mawe, mawe kama mayai ya kanga, mimi nimeinama hivi, yeye kavu. Koti mpaka leo lina harufu yake. Thadei ana koti gani?

Nikamfuata Chifu huko huko. Nikaita mara moja tu, maana mimi siiti mara mbili. Kainua jicho. Moja. Nikamfunga kamba ya katani nikamvuta mpaka nyumbani, watoto wa barabarani wanahesabu hatua.

Dorine kabla hajaondoka: "Lakini Mjomba, mzee Thadei anampenda kweli." Huyu mtoto nimemkuza kwa hadithi zangu. Leo ananiambia nani anapenda kweli.

Jumatano, 26 Februari

Kamba kaitafuna. Kaenda.

Ijumaa, 28 Februari

Karudi mwenyewe! Asubuhi, kwa miguu yake, bila kuitwa. Nikamwambia Notburga, unaona? Damu ni damu. Wali wa watu humalizika.

Hakula. Nikasema kashibia huko. Kajilaza nyuma ya pipa la maji, hataki hata kufukuza kuku. Notburga kamfunua mdomo, kasema fizi zake nyeupe kama chokaa. Nikasema ni aibu hiyo. Ukisaliti, fizi zinakupauka.

Nimemsema vya kutosha. Kasikiliza yote kafumba macho.

Jumapili, 2 Machi

Si aibu. Kakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Notburga: mwite daktari wa kwa Thadei. Nikasema kamwe! Barabara nzima ilinisikia. Nitapeleka wapi uso? Na bei zake? Mtu anayekuja na gari kuogesha mbwa, mafuta ya gari nani analipa? Anayeogeshewa! Mimi nina Beda.

Beda ni bwana mifugo na ni rafiki yangu. Nguruwe wote mnaowaona Mfaranyaki wako hai kwa mkono wake. Bei yake ni ya kindugu, na anakubali kulipwa mavuno yakitoka. Kaja na pikipiki baada ya Misa, kapiga sindano moja ya nguvu. Halafu kachungulia ndani ya masikio ya Chifu, kachungulia katikati ya vidole. Akaanza kuwatoa. Kupe. Wanono, kama mbegu za mbarika, kopo la maziwa halikutosha.

Sijui waliingia lini. Yaani najua! Kwa Thadei mbwa ana dawa mgongoni. Sasa wale kupe wakifukuzwa kwa Malkia waende wapi? Wanakuja kwangu. Tajiri anaoga, uchafu unamfuata maskini.

Beda kanawa mikono. Kasema: "Kaka, mimi ni mtu wa nguruwe. Naona ni homa ya kupe, lakini bila kupima damu nabahatisha, na huyu hana muda wa kubahatishwa. Mpeleke kwa Kihwele." Pesa yake kakataa. Beda kukataa pesa! Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 3 Machi

Hali. Hanywi.

Thadei kabisha hodi mwenyewe, kashika kopo la supu. Kasema gari lipo, daktari ni rafiki yake, gharama asinisikie hata nikizitaja. Nikamjibu pale pale mlangoni: asante, jirani, Chifu kaanza Kwaresima mapema. Mngoni halipiwi mbwa.

Lakini hili naliandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Thadei aliposema hodi, mkia wa Chifu ulitikisika. Siku nzima mimi namwita, naimba, napiga mluzi ule wa shambani – wapi! Thadei kasema hodi tu. Mkia.

Nimemwambia Notburga atoe mahindi mawili ya akiba. Madebe, si magunzi. Kesho nampeleka mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuza madebe sokoni asubuhi. Nikamfunga Chifu ndani ya lile koti, nikapanda naye bodaboda mpaka kliniki ya Kihwele, Mjimwema. Mzito alikuwa zamani. Leo kama kapu tupu.

Kihwele yuko mlangoni anachana karatasi. Kaniona. Akaona na koti. Nikajiandaa kwa tusi. Kumbe salamu ya kwao:

"Kamwene, Mngoni! Ugali uko wapi?"

"Mtibu kwanza, mla mbwa wewe."

"Huyu? Mifupa mitupu. Hata sisi tungemrudisha." Lakini huku anasema, mikono yake imeshampokea. Kamlaza mezani taratibu, kama Notburga anavyolaza mtoto. Utani wake mdomoni tu, mikononi haukuwemo hata punje.

Kamchoma sikioni, tone la damu, kalipaka kwenye kioo, kaweka kwenye hadubini. Kaniita nitazame. Nikaviona! Vidudu viwili viwili, kama vitone vya machozi, ndani ya damu ya Chifu. Kusema kweli niliviona kabla yake, jicho langu la shambani. Kasema ungechelewa mpaka Alhamisi, ungekuja na jembe.

Nikauliza bei kama mtu anayeuliza saa. Kaeleza: dawa nitalipa kama kila mtu, maana naye anainunua. Mkono wake hanitozi, mtani hatozwi mkono. "Ila ugali wa dona nitaudai, Baltazar. Mbele za watu. Mchana." Madebe yametosha dawa, nauli imebaki.

Halafu ndipo akanipiga nyundo. Chifu asirudi kwangu mpaka nipulizie dawa uwanja mzima, banda, nyasi, mpaka chini ya kitanda. Nikasema abaki hapo kliniki. Kasema sawa, kwa siku ni kiasi fulani. Nikakohoa. Kasema: "Au akae kwa Thadei. Saruji, hakuna kupe, na supu anaijua." Kumbe hata daktari anajua habari za supu!

Nimempeleka mwenyewe. Kwa mikono yangu hii. Thadei hakusema neno, kapanua tu mikono kumpokea. Angesema neno ningepata la kumjibu.

Kalazwa juu ya shuka. Shuka, si gunia. Koti nimerudi nalo.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Paji langu lina majivu, mgongo una bomba la dawa. Nimepulizia kila jani. Kuku wamehamia mtini.

Dorine kapita: Chifu kanywa supu leo, kidogo, kwenye kiganja cha mzee Thadei. Kasema kwa furaha. Nami nikafurahi. Kidogo, kama supu yenyewe.

Ninafunga chakula. Wivu padri hakuutaja. Labda kauacha kwa wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Leo daktari anakuja kwa Thadei kupima damu mara ya pili. Na mashahidi wapo. Basi! Notburga kasonga ugali wa dona, mgumu, wa kiume. Nikautia kwenye hotpoti, nikanunua na maini robo, nikatoka.

Sikuwaza kitu kimoja: leo Ijumaa ya Kwaresima, nyama mwiko. Kina mama wanatoka Njia ya Msalaba, rozari mkononi, wananiona na damu inachuruzika kwenye mfuko.

"Mjomba! Maini leo?"

"Ya mbwa!"

"Na huo ugali nao wa mbwa?"

"Wa Mhehe!"

Mama mmoja kashika nguzo ya umeme asianguke. Wameligeuza kundi zima, wakanifuata nyuma mpaka kwa Thadei. Nimeingia mtaani na msafara kama askofu.

Nafika getini, nasikia sauti ya Thadei ndani. Anazungumza na wateja wake wawili. "Huyu mnayemwona amelala hivi, kule Mpitimbi alimfukuza chui mpaka akavuka mto." Dorine huyo! Kampa hadithi yangu! Na Thadei anaisimulia kama anasoma bei za misumari. Hakuna upepo. Hakuna macho mawili gizani kama taa za lori. Mto kautaja mapema! Chui hajafika, mto umeshatajwa! Hotpoti inaniunguza mkono, nami nimesimama. Nilitaka kurudi nyumbani. Kweli nilitaka.

"Chui mmoja, mkubwa sana," kasema Thadei.

"Walikuwa wawili!"

Imetoka yenyewe. Wote wakageuka. Na Chifu, aliyekuwa kajilaza kama mkeka, kainua kichwa. Kichwa kizima! Mkia ukapiga saruji – pa! pa! – kwa nguvu kuliko ule wa Jumatatu. Sikio langu limepima. Nikasogea.

Kisha kidevu chake akakirudisha juu ya kiatu cha Thadei.

Kihwele katoka ndani anafuta mikono. Damu safi, kasema, huyu mtaishi naye mpaka awachoke. Nikamkabidhi ugali mbele ya kina mama. Kaketi kibarazani, kamega tonge, kaliinua juu: "Mngoni kasonga! Hawa walimkimbia Mzulu tangu Afrika Kusini mpaka njia ikaisha, leo wamenifikia mimi na hotpoti!" Vigelegele. Nami nikamwambia ale taratibu, mbwa mwenyewe anamtazama. Kicheko kingine. Siku nyingine ningekwenda nacho nyumbani kicheko kile kikanilisha wiki.

Lakini nilikuwa natazama kiatu.

Nikasema nimeshapulizia kila mahali, namchukua. Thadei kasema, kwa upole wake ule unaokera, "Mjomba, aongeze wiki moja. Hapa nafasi ipo." Nikasema nafasi hata kwangu ipo. Kasema sijakataa. Nikasema sijasema umekataa. Kina mama wakaacha kucheka.

Kihwele, tonge shavuni: "Jamani, mbwa hagawanywi kama mirathi. Anasimama sasa. Acheni geti wazi, atakwenda anakotaka."

"Geti litakuwa wazi," kasema Thadei. Kasema bila wasiwasi wowote. Mtu mwenye uhakika na supu yake.

Nimeondoka bila kugeuka. Yaani niligeuka penye kona. Alikuwa anatazama barabara. Au mfuko wa maini.

Sasa jua linazama. Maini nimebakiza nusu, yako kwenye sahani karibu na mguu wangu. Koti nimelitandika chini, kwa ajili ya kulianika tu. Mvua imeanza, na mlango uko wazi.

Notburga anasema funga mlango, mbu wanaingia na chandarua kimetoboka, na baridi hii.

Nimemwambia nasikia joto.