Kwinini Iliyomkataa Baba Mkwe

Ngombezi, hospitali ya shamba la mkonge

Mke wangu Mwanahamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mguu wa Zaina umepona? Kabla hujaanza kulia, baba yako yu hai. Yu hai, mke wangu. Sasa kaa, usomewe taratibu.

Alipandwa na homa huku kwenye kukata mkonge, nikampa kwinini kama ninavyowapa wagonjwa wote. Masikio yakamvuma. Hilo halikunitisha, karibu kila anayeimeza hulalamika hivyo. Lakini kesho yake macho yakawa manjano, nguvu zikamwisha. Daktari, yule Mdachi, akaniuliza, "Mkojo wake ukoje?" Mimi ni mkwe! Nimwulizeje mzee habari za chooni? Naye alikuwa akijikongoja na chungu chake kwenda kuumwaga mwenyewe, nisije nikauona.

Nikamwita Mihambo, Mnyamwezi wa kambini, mtani wetu. Akaingia akicheka: "We Mzigua, unaficha dhahabu humo? Lete chungu! Ukifa, kanzu yako naichukua mimi." Baba, mgonjwa vile, akacheka, akakiachia chungu. Mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa.

Daktari hakushika kisu wala sindano. Aliuliza tu. Kwinini alimeza lini? Mkojo ulibadilika kabla au baada? Imewahi kumtokea hivi? Mihambo akayapeleka maswali huku akimtukana, na baba akajibu: zamani kidogo, kule Pangani, alipewa kwinini, ikawa vile vile.

"Basi ni dawa," daktari akasema. "Masikio kuvuma ni kawaida yake. Hii ni nyingine, hii inaua. Asipewe tena kamwe. Anywe maji, alale."

Mwanahamisi, niliogopa mno. Lakini mkojo ukawa mwekundu, ukawa kama chai, mwisho ukawa safi. Sijaona ajabu kama hii, mtu kupona kwa kunyimwa dawa!

Anakuja nyumbani nyuma ya Mihambo, aliyetangulia na barua hii. Vile vidonge vya kwinini nilivyokuachia, baba usimpe hata nusu, hata akitetemeka mbele yako.

Msalimie mama mkwe, mwambie shikamoo, na kaka yako mkubwa, na mwalimu anayekusomea. Mihambo mpikie kuku. Atakutukana, nawe mtukane.

Juzi homa ilinipanda mimi. Nikatoa kidonge kwenye chupa ile ile iliyotaka kumwua baba yako, nikakitazama kiganjani muda mrefu, nikakimeza. Leo ni mzima, ndiyo maana naandika.

Mumeo,
Saidi